Ndoa Moja, Makaburi Mawili

Mama aliposema anataka kuzikwa ubavuni mwa mama yake, nilimkaripia. Nilimwambia mgonjwa hapangi kaburi, anapanga kumeza dawa. Ndivyo nilivyo: nikiogopa, nagomba. Alikuwa kitandani nyumbani kwangu Makambako, miguu imevimba, moyo umechoka, na upepo wa hapa kwetu unagonga bati kama mtu anayedai kufunguliwa. Hakubishana nami. Alisema tu kwamba msalaba wa mbao kwenye kaburi la bibi umeoza, niweke mpya kabla hajafika yeye.

Kaburi hilo nalijua vizuri. Liko kijijini, nje ya mji wa Njombe, nyuma ya mianzi tunayogema ulanzi, pombe ya kwetu, na kila mwaka tunakwenda kulipalilia. Nilikaa na bibi nilipokuwa nasoma shule ya msingi. Alinifundisha kupanda viazi na kunyamaza wakubwa wanapoongea, ingawa la pili halikunikaa. Alipougua alimwita mama siku nzima, mpaka sauti ikakauka. Mama alikuwa Ludewa kwa baba, mvua zimekata barabara, na alipofika alikuta tumekwisha kumzika. Sijawahi kumwona mtu mzima akilala juu ya udongo mbichi namna ile. Kwa hiyo nilijua ombi lake linatoka wapi, na ndiyo maana lilinikera.

Fundi wa misalaba pale Njombe mjini aliniuliza kama tunataka na mwaka wa ndoa, maana siku hizi watu wanauandika. Nilimpigia mama simu. Alifurahi kuliko nilivyotarajia. Mama yake alifunga ndoa kanisani, wakati ambao wengi walichukuana kienyeji tu, na hiyo ilikuwa fahari ya ukoo. Ila mwaka wenyewe hakuujua. Aliniambia nimuulize shangazi yake, dada wa mwisho wa babu, ambaye ndiye pekee aliyebaki wa rika lile.

Nilimkuta bibi huyo jikoni, anaota moto na kumenya viazi. Nikamwamkia kamwene, akaitikia, kisha akanitania kwamba nimenenepa, ilhali Makambako hakuna chakula, kuna upepo. Nikamweleza kilichonileta. Aliendelea kumenya kiazi kilekile hata baada ya maganda kwisha.

"Mjukuu wangu," alisema, "unataka kuandika watu wawili kwenye msalaba mmoja. Aliyefunga ndoa siye uliyemzika wewe."

Kisha akanisimulia. Bibi arusi wa kanisani alikufa siku aliyomzaa mama yangu. Matanga yalipokwisha, wazee wa pande mbili hawakutaka undugu uvunjike, wala mtoto akose wa kumlea, basi mdogo wa marehemu akaletwa kuingia nyumba ya dada yake. Ndivyo ilivyokuwa kwao. Hakukuwa na arusi ya pili. Alikuja na jembe lake, akakuta kitanda cha dada, vyungu vya dada na kichanga cha dada, akapewa na jina la dada. Watu wazima wakakubaliana mtoto asiambiwe kitu, asije akajiona yatima. Waliitunza siri hiyo wote, wakafa nayo mmoja mmoja.

Nilihamaki. Nilimuuliza kwa nini walituacha tumpalilie mmoja miaka yote, na mwingine tusijue hata alipo. Hakukasirika.

"Mama yako alikuwa na mama," alisema. "Tungemwambia ili apate nini?"

Alinitoa nje hadi uani, akanielekeza kwa fimbo ng'ambo ya bonde, kwenye mahame yao, walikoishi kabla ya kuhamishiwa kijijini. Alikozikwa mwenye ndoa ni huko. Nilivuka kijito nikapanda. Kote ni shamba la mipaini, mali ya mtu anayekaa mjini, miti imepangwa mistari mpaka inatia kizunguzungu. Nilitafuta jiwe, tuta, hata kipande cha chungu. Nilikanyaga majani makavu ya mipaini tu. Nikakaa chini nikamlilia mwanamke ambaye nilikuwa simjui hata asubuhi ile, na nililia kwa uchungu kama niliyefiwa jana.

Kwenye gari la kurudi Makambako nilijaribu kupanga uongo. Ningetaja mwaka wowote, fundi angeuchonga, mama angelala kwa amani. Lakini alikuwa ameomba kuzikwa kwa mama yake, na sasa walikuwa wawili. Hilo sikuwa na haki ya kumchagulia. Nilimwambia jioni hiyohiyo, nimekaa pembeni ya kitanda, nimeshika miguu yake iliyovimba.

Nilidhani ataniuliza kwa nini alifichwa, au shamba la nani. Aliuliza neno moja.

"Aliniona?"

Sikuwa nimeuliza. Nilikwenda mpaka Njombe kutafuta mwaka, nikarudi bila la maana. Kesho yake nikapanda gari tena.

Shangazi wa mama hakushangaa kuniona. Safari hii aliacha viazi akanishika mkono. Siku ile, alisema, alikuwa msichana mdogo wa kutumwa maji, na ndiye aliyekuwa akiingiza maji ya moto chumbani. Mtoto aliwekwa kifuani mwa mzazi. Mzazi alimtazama sana, akasema mtoto ana baridi, akajivua blanketi lake akamfunika. Mtoto akashika ziwa. Wanawake wakatoka nje kumshukuru Mungu, wakidhani kazi imekwisha. Waliporudi mtoto alikuwa bado ananyonya, na mama yake ameshakwenda.

Nilimfikishia mama maneno hayo kama nilivyopewa. Alitaka nirudie pale pa blanketi. Nikarudia. Akalia kama mtoto, mdomo wazi, mzee wa watu mwenye wajukuu, nami nikalia naye kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya.

"Kumbe nilinyonya," alisema.

Nilimuuliza, kwa upole ambao si kawaida yangu, kama anataka tuzungumze na mwenye shamba, pengine angetupa nafasi kule kwenye mipaini. Akatikisa kichwa. Alikuwa ameshaamua.

"Yule alikufa niko kifuani mwake," alisema. "Huyu aliniita siku nzima, nami niko Ludewa. Nizikeni kwa huyu."

Alifariki kipupwe kilipoanza. Tulimpeleka kijijini asubuhi yenye ukungu mzito, tukamlaza nyuma ya mianzi, ubavuni mwa mama aliyemlea. Shangazi yake aliletwa amefungwa mablanketi mawili, akatupa udongo wake. Nilitazama ng'ambo ya bonde, mipaini haikuonekana kwa ukungu. Msalaba mpya wa bibi umesimama pale hadi leo. Una jina na siku ya kufa. Mahali pa mwaka wa ndoa nilimwambia fundi apaache wazi.