Simu Iliyoita Namba Kumi na Sita

Ukitaka kucheka, cheka tu, sitakukasirikia. Lakini jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, Tunduma, Jumapili mchana jua likiwaka, na nilikuwa na akili zangu timamu.

Nilikuwa fundi simu, nikikaa Mlowo. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika kwetu, na ofisi iliyojiheshimu ilifunga mtambo wake mdogo: sanduku ukutani, laini mbili za nje, simu nane za ndani, namba kumi hadi kumi na saba. Mzee Shabani, mtu wa Tanga aliyekuwa na kampuni ya kutoa mizigo mpakani, aliniita. Kila simu kutoka nje ilikwenda kuita namba kumi na sita, chumba kilichogeuzwa stoo, badala ya kuita mapokezi. Yeye alitaka zihamishiwe mapokezi. Shida ni kwamba aliyeufunga mtambo alishahama, na namba ya siri ya kuuingilia hakuna aliyeijua.

Kazi kama hiyo hufanywa ofisi ikiwa imefungwa. Mlinzi alinifungulia, akarudi getini. Nikakaa mapokezi, nikabonyeza kitufe cha programu kwenye simu kubwa ya mezani, kioo chake kikadai namba ya siri. Nikajaribu sifuri nne. Nikajaribu moja, mbili, tatu, nne. Nikajaribu zote ambazo viwanda hupenda kuziweka. Kila mara ulitoka mlio mrefu wa kukataa.

"Unajichosha, mwanangu."

Mama mmoja alikuwa amesimama mbele ya meza, ana sweta na kitenge, Kiswahili chake kina lafudhi ya Kinyiha. Nikadhani ni mfanya usafi. Nikamwamkia.

"Marahaba. Bonyeza saba, tatu, tatu, sita. Taratibu. Ngoja mlio mfupi."

Mlio mfupi ukatoka. Je, wewe ungeogopa? Mimi nilifurahi. Nikatafuta sehemu ya simu zinazoingia, nikaiona kumi na sita, nikataka kuifuta.

"Bado," akasema. "Kuna simu naingojea. Ikishaingia, badilisha upendavyo."

Kabla sijamjibu, taa ya laini ya kwanza ikawaka. Kengele ikaita stoo. Yule mama akaingia humo, nikamsikia: "Baba Ezekia! Nipo. Nipo hapa hapa." Akasikiliza. Kisha: "Haya. Nitamwambia."

Alipotoka alinitazama usoni. "Mwambie Ezekia asivuke mpaka. Baba yake amesema asimfuate, yuko njiani anarudi."

Akaelekea mlango wa nyuma. Nikainuka nimuulize Ezekia ni nani. Mlango ule ulikuwa na komeo kwa ndani, umefungwa, na yeye hayupo. Nikaingia stoo. Simu ilikuwa juu ya rafu, waya wake umekatwa na panya, vumbi juu yake halina hata alama ya kidole. Nikaenda getini. Mlinzi akasema tangu aniingize mimi hajaona mtu.

Nikarudi, nikahamisha simu zote kwenda mapokezi, nikafunga programu. Niamini, nilimaliza kazi. Sikujua la kufanya zaidi ya hilo.

Jumatatu nilikwenda kuwaelekeza wafanyakazi. Mmoja wao, karani wa mizigo, alijitambulisha kwa jina la Ezekia. Nilipoitaja namba kumi na sita alitabasamu kidogo.

"Ile ilikuwa simu ya marehemu mama. Ndiye aliyekuwa akipokea simu hapa. Baba alipotea Kongo na lori, mwaka wa tatu huu, na mama amefariki akingoja apige. Keshokutwa naenda kumtafuta mwenyewe."

Nilifungua mdomo. Mzee Shabani alikuwa amesimama pale, na wengine wanne. Ningesema nini? Kwamba nimeongea na marehemu? Kwetu huku mtu akisema hivyo hupewa jina, na jina hilo halifutiki. Nikamwonyesha jinsi ya kuhamisha simu kutoka meza moja hadi nyingine. Nikamtakia safari njema.

Ezekia alivuka Jumatano. Wiki iliyofuata baba yake akashuka kwenye lori la watu, amekonda, akaja ofisini kumuulizia mkewe. Walipomwambia amefariki alibisha. Alisema ameongea naye Jumapili ile mchana, amepiga kutoka Lubumbashi siku alipoachiwa kutoka kifungoni, na akamwagiza amzuie mtoto.

Ezekia hakurudi. Mwaka mzima ulipita, watu wakatumwa, hakuna aliyemwona. Ndipo nilipokwenda kwa baba yake, kijijini Isansa, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakupaza sauti. Alisema, "Na mdomo ulikuwa nao, fundi."

Niliacha kazi ile, sasa nanunua kahawa kwa wakulima. Simu ya mezani ikiita mahali nilipo, natoka nje. Yule mzee bado yu hai, na tukikutana sokoni ananisalimia vizuri, jambo ambalo ni gumu kwangu kuliko matusi.

Basi wewe unayenisikiliza, ukipewa ujumbe wa mtu, ufikishe. Usichunguze kwanza aliyekupa ni nani, wala usiangalie nani amesimama karibu. Sema siku hiyo hiyo.