Mama Aliyetuhesabia Karate

Harufu ya ndagala wanaoanikwa juani hunirudisha mji wa Baraka, kando ya ziwa, kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya soko la samaki, kiangazi kile nilipoanza karate ya Shotokan. Mwalimu wetu, Selemani, tulimwita Maître. Karate aliisomea Bukavu kwa miaka mingi, akarudi na mkanda mweusi uliochakaa hadi kingo zikawa nyeupe, nasi tulimwogopa kuliko mkuu wa shule. Alipohesabu mapigo kwa Kijapani, "Ichi! Ni! San!", sisi tulisikia "Nchi ni...", tukaitikia hivyo hivyo kwa sauti za kupasua koo. Hakuna aliyejiuliza nchi ni nini.

Aliyejiuliza ni mama yangu. Wakati wa vita aliwahi kukimbilia rasi ya Ubwari nami nikiwa mgongoni, na watoto wanaorusha ngumi huku wakiitaja nchi aliwajua wanakoishia. Akaja uwanjani na jembe begani, akanishika mkono. "Mutoto yangu hatajifunza vita!" Roho ilinitoka, maana karate nilikuwa nimeipenda kuliko chakula. Maître aliinama kumsalimu. "Mama Riziki, haiko vita, ni hesabu tu. Ichi ni moja." Mama akamkazia macho. "Sasa juu ya nini haubahesabie mu Kiswahili?" Maître akasogea kando kumpisha. "Basi, we mama, utuhesabie."

Nami nikabaki. Kila alipotoka shamba mama alisimama mbele yetu, jembe chini, akahesabu kwa sauti ya kumwita mtu wa ng'ambo ya ziwa. Akisahau alipofikia alianza upya bila haya, na sisi jasho likitutiririka, hadi hesabu ya Kijapani ikatutoka kichwani. Mwisho wa kiangazi akaja mtahini kutoka Bukavu kumpima Maître kwa dani ya tatu, yaani daraja la tatu la mkanda mweusi, na sehemu ya mtihani ilikuwa sisi wanafunzi wake. Mtahini akaamuru, "Ichi!" Tukasimama kama vigingi. "Ichi!" Tukatazamana. Mama, pale pembeni, uvumilivu ukamshinda: "Moja!" Ngumi zote zikatoka pamoja. Watu walicheka, mtahini hakucheka. Wanasema mcheza kwao hutuzwa, lakini Maître alicheza kwao akanyimwa dani. Mama alilia, akaapa hatakanyaga tena uwanjani. Jumatatu Maître mwenyewe alikuwa mlangoni petu. "Mama Riziki, batoto banakungoja," alisema, na la mtihani hakuligusa. Mama alijifunga kitenge akamfuata, na tangu hapo tulijifunza hesabu zote mbili.

Dani ile aliipata miaka mingi baadaye, mvi zikiwa zimemjaa. Leo ninafundisha karate mjini Fizi, katika ukumbi wenye sakafu, na wanafunzi wangu huwatazama mabingwa wa Japani kwenye simu zao. Wana mengi ambayo sisi hatukuwa nayo, na ninawafurahia, ila siwaonei wivu hata kidogo. Siku nilipopewa dani ya tatu, mtahini aliniuliza ni nani aliyenifundisha. Desturi ni kutaja jina moja. Nilitaja mawili.