Dachi, Bingwa wa Manyatta

Wenzangu mliokulia Manyatta ya Embu miaka ile ya kwanza ya Uhuru mtakumbuka kwamba mbwa alikuwa na kazi tatu tu: kubweka, kufukuza tumbili shambani na kula ukoko wa sufuria. Hakuna aliyemwogesha mbwa. Hakuna aliyemtazama meno, labda mbwa awe ameshamuuma. Sasa fikirieni aibu yetu sisi watoto wa msaidizi wa daktari wa mifugo, ambao mbwa wetu alikula yai kila asubuhi huku sisi tukimeza uji mtupu tukimtazama.

Alitoka Timau. Mzungu mmoja alipouza shamba na kurudi kwao, alimpa baba mtoto wa mbwa jike, mwekundu kama udongo wetu, mwenye mstari wa nywele mgongoni uliolala kinyume na nywele nyingine zote. Alikuja na makaratasi yaliyotaja baba yake, nyanya yake, hadi kizazi cha nne. Kwenye makaratasi hayo alikuwa na jina refu la Kizungu. Sisi tukamwita Dachi. Cucu, mamake baba, alisomewa majina yale akacheka mpaka akakaa chini. Alisema yeye mwenyewe hajui alizaliwa mwaka gani, na hapa kuna mbwa anayejua harusi ya babu zake.

Baba alijiunga na chama cha wafuga mbwa, akaanza kumpeleka Dachi kwenye maonyesho ya Nairobi na Nakuru. Huko mbwa hawakushindana kuwinda wala kupigana. Walitazamwa maumbile: meno, mabega, mkia, mwendo. Aliyewapita wenzake alipewa cheti, na vyeti vitatu kutoka kwa waamuzi watatu tofauti vilimpa haki ya kuitwa Bingwa. Dachi alipata cha kwanza, kisha cha pili, na baba akawa hazungumzi kitu kingine. Kila jioni alivaa koti lake la harusi, akamkimbiza Dachi kwa madaha kuzunguka uwanja wa shule ya msingi, nasi watoto tukawafuata nyuma tukiinua magoti vilevile. Tulikuwa hata na maonyesho yetu wenyewe, kwa mbwa wa kijiji, mpaka kaka yangu alipojaribu kukagua meno ya mbwa wa mzee Njue. Alama anayo hadi leo.

Mzee Njue, jirani yetu, hakuacha kumtania baba.

"Daktari, hiyo mbwa yako imeshika nini huko Nakuru?"

"Haikushika kitu, mzee. Imetembea tu."

"Imetembea! Na ikapewa barua? Basi mimi natembea kila siku kwenda soko, na hakuna mtu amenipatia hata chai."

Mwaka mmoja chama kikaamua kuleta maonyesho Meru. Baba hakulala wiki nzima. Cheti cha tatu kilikuwa kimemfuata karibu na nyumbani, na kwa mara ya kwanza Cucu angeweza kwenda kujionea. Tulisafiri kwa Landrova ya kazini, baba, Cucu, mimi na Dachi, kupitia Chuka. Barabara ile wakati huo ilikuwa vumbi na makorongo, na kila mto tuliovuka Cucu aliomba. Tulipofika Makutano ya Meru sote tulikuwa na rangi moja na Dachi.

Uwanjani baba alikwenda kuchukua namba, akatuachia ndoo ya maji na kitambaa tumpanguse mbwa. Tukampangusa. Cucu akasimama, akamtazama, na hakuridhika. Nyinyi mliolelewa na nyanya wa kule mnajua. Mtoto hatoki kwenda kanisani na magoti yaliyopauka, ni aibu ya nyumba nzima. Akaingiza mkono kwenye kiondo, akatoa kopo la mafuta ya kukamulia ng'ombe, yaleyale yaliyotung'arisha sisi kila Jumapili.

"Hakuna mtoto wa nyumba yangu atasimama mbele ya watu amepauka," akasema kwa Kiembu. "Wewe shika miguu ya nyuma."

Nikashika. Tulimpaka kutoka masikioni hadi mkiani, na naapa sijawahi kuona mbwa aking'aa vile.

Baba aliporudi, uso ulimbadilika. Sheria ilikataza kumpaka mbwa chochote. Mwamuzi alitakiwa amwone jinsi alivyo. Lakini namba yao ilikuwa inaitwa. Akamsugua kwa kitambaa, kisha kwa mkono wa koti la harusi, akaingia naye vilevile.

Mimi na Cucu tulisimama mbali, nyuma ya kamba. Mwamuzi, mama mmoja wa Kizungu, alipitisha mkono mgongoni kwa Dachi, akanusa vidole. Maneno yao nilisimuliwa na baba miaka mingi baadaye.

"Nini hii, bwana?"

Angeweza kusema ni jasho. Baba alisema, "Mafuta, memsahibu. Mama yangu amempaka."

"Mimi nasikitika sana. Mbwa mzuri. Lakini toa yeye nje."

Basi Dachi akatolewa, wengine wote wakiwa bado wanazunguka. Cucu kuona hivyo akaruka.

"Ametoka wa kwanza! Ametoka wa kwanza!" Akapiga vigelegele mpaka watu wakageuka.

Baba alikuja akiwa amekunja midomo. Alifungua kinywa, akamtazama mama yake, ambaye mikono yake bado iling'aa mafuta.

"Ndiyo, mama," akasema. "Amekuwa bingwa."

Cucu alitangaza, na kijiji kizima kilijua kabla ya jua la kesho yake kutua. Hata mzee Njue alileta mfupa. Nairobi na Nakuru maonyesho yaliendelea, na Dachi alikuwa bado na nguvu, lakini baba hakumpeleka tena. Angemwelezaje Cucu kwamba bingwa anakwenda kutafuta ubingwa? Koti likarudi sandukuni. Sikumwona akinung'unika hata siku moja, nami nilimpenda zaidi kwa hilo.

Siku hizi mpwa wangu anafuga mbwa wa aina ileile. Wanakula chakula cha gunia chenye picha ya mbwa, wanapigwa picha kuliko maharusi, na kijana mwenyewe hajawahi kukimbia nao hata hatua kumi. Yuko kwenye simu. Juzi akanijia na simu hiyohiyo.

"Shangazi, nimesoma orodha yote ya mabingwa tangu zamani. Dachi wa babu hayuko."

"Soma tena," nikamwambia.

"Nimesoma mara tatu."

"Basi hiyo orodha yenu imekosewa."