Hatua Kumi na Nne

Fundi wa geti hana haraka hata wingu likitanda. Kila miezi mitatu huja na brashi yake ya waya, akazima umeme kwanza, ufunguo wa kisanduku cha swichi akautia mfukoni asije mtu akauwasha, kisha akapiga magoti kusugua reli polepole, kama anayemchana mtoto nywele. Akimaliza huwasha, akasimama kwenye njia ya geti na kufumba macho. Geti huja likinong'ona, likamwona kwa jicho lake dogo jekundu, likasita, likarudi. Naye hutabasamu kama mtu aliyesalimiwa.

Mwenye nyumba humtazama akiwa barazani, akamkumbuka mama yake. Siku ya kuweka geti, mwenye nyumba alitaka lijifunge chapuchapu. Fundi akamwomba mama apite na mkongojo wake, naye fundi akihesabu hatua kwa midomo bila sauti, na geti likafundishwa kungoja hatua kumi na nne. Mama ametangulia mbele ya haki, lakini geti bado hukaa wazi likimngoja, kana kwamba yuko njiani.

"Fundi, punguza huo muda," mwenye nyumba alimwambia leo. "Aliyekuwa akingojwa hayupo tena."

Fundi alifunika mota, akafuta mikono kidole kimoja kimoja.

"Tuliache hivyo hivyo, bosi. Asubuhi ulipopita hapa na gazeti lako nilikuhesabu. Kumi na moja. Mwaka tulipoweka geti, hatua zako zilikuwa sita."