Paa la Shosho Watiri

Kila mwaka shule yetu hualika mgeni wa kuzungumza na wasichana kuhusu kazi, na kila mwaka mimi hukasirika. Huja mama wa suti kutoka Nairobi na projekta yake, anawaambia wasichana waamini ndoto zao, anapigiwa makofi, anakunywa chai na kurudi alikotoka. Wasichana wanabaki wakiulizana wigi yake aliinunua wapi. Mwaka huu nilisimama kwenye mkutano wa walimu nikasema mgeni wetu atatoka hapa hapa Othaya, anaitwa Ngendo, na asiyetaka anieleze kwa nini. Hakuna aliyenieleza. Naitwa Beverlyne, nafundisha hesabu, na nikipandwa na hasira hata mwalimu mkuu hutazama dirishani.

Sababu zangu ninazo, na nitawaambia.

Shule iko bondeni, mashamba ya chai yametuzunguka kila upande. Ukisimama uwanjani huoni mji, na mji hautuoni. Intaneti kwetu ilikuwa kitu cha kuombea. Kusajili watahiniwa ilibidi nibebe laptopu hadi juu barabarani, nikae juu ya jiwe, manyunyu yananinyeshea, huku wachuma chai wakiniuliza kama nimefukuzwa nyumbani. Mwalimu mkuu akanipa kazi ya kutafuta watu wa kutuunganisha. Wenzangu walitaka kampuni moja ya Nyeri mjini yenye magari ya kumetameta. Mimi nikasema Ngendo. Nilikuwa nimeona kazi yake saluni ninakosukwa nywele, ambako intaneti haikatiki hata mvua ikinyesha.

Ngendo alizaliwa Gakindu, kwa watu wa kahawa, akasomea mambo ya mitandao. Kampuni ya kwanza iliyomwajiri ilikuwa na minara mingi. Wavulana aliosoma nao darasa moja walipelekwa minarani, na yeye akapewa simu ya kupokea malalamiko. "Naambiwa ati niko na sauti nzuri, nikae na wateja," alinisimulia. Siku moja aliweka ile simu chini, akatoka, akaenda kununua ngazi. Ndiyo, ngazi! Kitu cha kwanza katika biashara yake kilikuwa ngazi ya chuma, akaipaka rangi ya manjano, na hadi leo ndiyo anayotumia.

Sasa ameajiri mafundi. Mmoja ni Kinyua, kijana mpole wa Karatina. Mwingine ni Mutanu, binti wa polisi kutoka Machakos aliyehamishiwa huku, na huyo nilimfundisha mimi. Darasani alikuwa akibishana na majibu ya nyuma ya kitabu, na mara nyingine alishinda.

Ngendo alizunguka vilima akarudi na habari moja: mahali pekee panapoona mji na pia kuiona shule ni kwa Mzee Mathenge, mzee wa kanisa, juu ya kilima. Dishi likikaa kwake litapokea kutoka mjini na kuturushia sisi bondeni. Mzee alikubali upesi, maana na yeye angepata intaneti ya bure. Tukanywa chai, tukashikana mikono. Mwalimu mkuu alikuwa amenionya kwamba shule ikifunguliwa Jumatatu bila intaneti, anaita wale wa Nyeri. Kwa hiyo Ijumaa nilienda nao kilimani nijionee mwenyewe.

Mutanu aliegemeza ngazi ukutani, akafunga mkanda kiunoni, akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza.

"Wee! Ati nani anapanda?" Mzee Mathenge alitoka mbio na gazeti mkononi. "Huyu si ni msichana? Hapa kwangu mwanamke hapandi juu ya nyumba. Hiyo ni kitu tulipata kwa wazee wetu."

Mimi ni mtu wa Kakamega, sikuelewa. Kinyua akaninong'onezea kwamba zamani Wagikuyu wakijenga, wanawake walileta nyasi na wanaume wakaezeka, na mwanamke kukanyaga paa ulikuwa mwiko.

"Nyasi ziko wapi, mzee?" nikauliza kwa sauti. "Hii si mabati?"

"Mwalimu, tafadhali," akasema Ngendo, akanishika mkono.

"Mimi sijakataa intaneti," mzee akasema. "Kijana si huyu hapa? Apande yeye."

Kinyua alijikuna kichwa akimtazama Ngendo. "Madam, wacha tu nipande. Ni kazi kidogo, tumalize twende."

Nami nilitaka Ngendo akubali, Jumatatu ilikuwa imetukalia shingoni. Lakini yeye alikuwa akimtazama Mutanu. Yule binti alikuwa ameshusha mguu polepole, na sasa alikuwa akifungua mkanda bila kuambiwa na mtu yeyote.

"Acha huo mkanda ulipo," Ngendo akamwambia. Kisha akamgeukia mzee kwa heshima zake zote, kama babu yake. "Guka, nyumba ni yako na neno ni lako. Hatutapanda. Lakini Kinyua pia sitamtuma. Hii kazi nilimpa Mutanu. Nikimwondoa leo kwa sababu ni msichana, kesho atajiondoa mwenyewe mahali pengine, na aliyemfundisha hivyo nitakuwa ni mimi. Tutatafuta kwingine."

"Kwingine wapi?" nikapiga kelele. "Si ulisema hakuna kwingine!"

"Najua nilivyosema, mwalimu."

Akaanza kukunja kebo. Jamani, niliwaka! Nilimkasirikia mzee, nikamkasirikia Kinyua ambaye hakuwa amekosa lolote, nikamkasirikia Ngendo kwa kunyenyekea kiasi kile. Mutanu alikuwa ametupa kisogo.

Sasa, mke wa mzee, Shosho Watiri, yaani Bibi Watiri, alikuwa ameketi muda wote mlangoni mwa jiko lake akimenya viazi. Hakuna aliyemkumbuka. Akaweka kisu chini.

"Ngendo, hiyo dishi inataka nyumba, ama inataka tu mahali juu?"

"Inataka juu, shosho. Mahali inaweza kuona mji na shule."

"Na jikoni yangu je?"

Sote tukageuka. Jiko limejengwa peke yake nyuma ya nyumba, penye mwinuko, la mbao na mabati. Kwa ule mwinuko, paa lake linakaribia kulingana na la nyumba kubwa.

"Watiri..." mzee akaanza.

"Nini? Nimesikia ukisema nyumba ni yako. Na jikoni ni ya nani?"

Mzee akaanza kulikunja gazeti lake. Kinyua aligeukia ukuta akicheka hadi machozi. Kwao jikoni ni kwa mama, mwanamume hana amri huko.

"Hata hiyo si tulipata kwa wazee wetu?" Shosho akamalizia, akajipangusa mikono kwa leso.

Ngendo alizunguka jikoni akipima kwa macho. Akasema kwa bomba refu zaidi la kushikilia dishi inawezekana. Mutanu akapanda. Kinyua alitaka kushika ngazi, Shosho akamsukuma kando akaishika mwenyewe. Ngendo alisimama chini na simu yake akielekeza: kushoto, rudisha kidogo, hapo hapo, kaza. Mara simu yangu ikalia, karani wa shule anapiga mayowe kwamba intaneti imeingia, imeingia! Nami nikapiga mayowe yangu hadi mbuzi wa mzee wakakata kamba. Nilijivunia wale wanawake kuliko ninavyoweza kueleza, na nililia bila haya.

Mutanu aliposhuka, Shosho hakuiachilia ngazi.

"Ngojeni. Nimepika chini ya hii mabati tangu niolewe, na sijawahi ona juu yake."

Akapanda, Ngendo nyuma yake akimkinga. Kichwa kilipopita ukingo wa bati alitazama chai, bonde, shule yetu kule chini. Kisha macho yakarudi karibu.

"Mathenge!"

"Nini tena?"

"Si uliniambia ulipaka hii paa rangi? Kutu ndio hii!"

Mzee aliingia ndani akafunga mlango.

Juzi upepo ulisogeza dishi, tukakosa intaneti asubuhi nzima. Nilipanda kilima nikijiandaa kugombana. Kumbe mzee mwenyewe alikuwa ameshampigia Ngendo simu: tuma yule msichana wa Machakos, na asikawie. Nilimkuta Mutanu yuko juu ya jikoni, na Mzee Mathenge yuko chini, ameshika ile ngazi ya manjano kwa mikono yote miwili, mguu ameukaza kwenye kidato cha chini isiteleze. Nikamsalimu Mutanu kwa sauti.

"Mwalimu, nyamaza!" mzee akanikemea. "Huoni fundi ako kazini?"