Rumande ya Afande Docus

Jumamosi, tarehe 15 Juni 2024, Docus aliondoka Walukuba, Jinja, saa kumi na mbili kasorobo alfajiri. Alitakiwa kufika Nakaloke, ng'ambo ya mji wa Mbale, kabla ya saa nane mchana, na kurudi Jinja kwa gwaride la zamu ya usiku. Kwa hiyo alisafiri na sare yake ya uaskari magereza, kola imepigwa pasi, viatu vinang'aa.

Saa nane angezikwa Shangazi Eseza, aliyemlea Docus tangu akiwa na miaka minne. Katika ukoo wao, binti aliyelelewa ndiye anayemfunika mlezi wake kwa shuka jeupe kabla jeneza halijafungwa. Kaka yake, Masaba, alikuwa amempigia simu usiku: "Jeneza tutaliacha wazi, tukungoje. Lakini usichelewe, dada. Mvua za huku unazijua."

Gari lake lilikuwa dogo, la Kijapani, lenye umri wa miaka ishirini na minne. Alilinunua kwa Parag, muuza vyuma wa Jinja, ambaye alimkabidhi funguo kwa maneno machache: "Dada, hili gari ni kama mzee. Ukilijua, litakutii." Docus alilijua. Alijua lisimame Iganga lipoe, maji ya rejeta yaongezwe kidogo kidogo, na gia ya pili isilazimishwe. Alijua kwamba milango ya nyuma haikufunguka kwa ndani, kwa sababu ya loki ya watoto iliyokwama tangu enzi za mwenyewe wa kwanza. Kitasa cha ndani cha mlango wa dereva kilipokatika, alijizoeza kushusha kioo, kutoa mkono nje na kujifungulia. Majirani wa Walukuba, waliokuwa wakipewa lifti humo bila kujua watatoka saa ngapi, walilipachika gari jina: Rumande.

"Afande, Rumande imeamka?" walimwuliza kila asubuhi, naye hakucheka. Hakuwahi kukubali mbele ya mtu kwamba gari lilimshinda.

Alifika Mbale saa sita. Lori lilikuwa likishusha sukari mbele ya maduka ya jumla, ikambidi aegeshe akiubana ukuta upande wa kushoto, kiasi kwamba mlango wa abiria usingefunguka hata kwa upana wa kiganja. Alinunua shuka, akarudi, akaingia, akafunga mlango, akazungusha ufunguo.

Kimya. Hata taa za dashibodi hazikuwaka.

Hilo nalo alilijua: kichwa cha betri kimelegea. Dawa yake ilikuwa kufungua boneti na kukigonga kwa spana. Ili afungue boneti, sharti atoke. Ili atoke, sharti kioo kishuke. Na kioo hakishuki bila betri. Honi nayo ilikufa pamoja na vingine. Simu ilikuwa imezimika tangu njiani, kule Tirinyi. Docus alikaa wima, mikono juu ya usukani, akaipitia hesabu ile mara mbili akitafuta mahali alipokosea. Hakupaona.

Alikipiga kioo teke kwa kisigino. Hakikutikisika. Nje, mji ulikuwa ukipita karibu kabisa na shavu lake. Mpita njia yeyote angeweza kumtoa kwa kidole kimoja.

"Wewe!" aliita akigonga kioo. "Kuja hapa! Fungua!"

Mchukuzi mwenye gunia kichwani aliiona sare, akaisikia ile amri ya Kiswahili cha askari. "Mimi sikufanya kitu, afande," akasema, akaongeza mwendo.

"Simama! Fungua!"

"Anakamata nani?" mwanamke mmoja alimwuliza mwenzake.

"Sijui. Tembea tu."

Kadiri alivyopaza sauti ndivyo njia ilivyozidi kuwa tupu kandokando ya gari. Jasho likailowesha kola. Alilishika shuka mapajani lisichafuke, huku saa ya mkononi ikikaribia saa nane.

Ndipo alipotokea mwanamke mwenye beseni la ndizi za kuchoma. Aliinama, akachungulia, kisha akachuchumaa kando ya mlango. Docus alimtambua: Night, aliyekaa miezi minane katika gereza la wanawake alikofanya kazi Docus.

"Jambo, afande."

"Night! Fungua mlango. Upesi."

"Eh! Leo ni wewe uko ndani? Nani alikufunga?"

"Gari."

"Na funguo iko wapi?"

"Ninayo mimi."

Night alicheka hadi akashika ardhi. "Mwenye funguo ndiye mfungwa! Nani atanisadiki?"

"Night, nakuomba. Namzika shangazi yangu saa nane."

Kicheko kilikatika, lakini mkono haukuinuka. "Pole, afande. Lakini miezi minane ulinihesabu kila asubuhi nimechuchumaa mbele yako, na hukunisalimia hata siku moja. Kule sawa, ilikuwa kule. Hapa ni Mbale. Hapa mtu anasalimiwa kwanza."

Docus alikumbuka wale wote aliowafokea tangu saa sita. Alitafuta salamu ya lugha ya kwao wawili, neno ambalo hakuwahi kulitamka akiwa ndani ya sare.

"Mulembe, Night," alisema taratibu.

"Mulembe." Mlango ukafunguka.

Docus alitoka. "Simama basi. Mbona bado umechuchumaa?"

Night alijitazama, akashangaa. "Ai! Nilifikiri nimesimama. Magoti haya bado ni yako, afande."

Docus aligeukia gari. Alifungua boneti, akagonga kwa spana, gari likawaka.

Alipofika Nakaloke ilikuwa saa nane na nusu, na matone ya mvua yalikuwa makubwa. Jeneza lilikuwa limekwisha kupigiliwa misumari na kushushwa. Masaba alimpokea ukingoni mwa kaburi.

"Tulikungoja, dada."

"Najua."

"Ulikuwa wapi?"

"Mbale," alisema Docus, shuka likilowa mikononi mwake. "Nilikuwa ndani ya gari."

Juma lililofuata, fundi Wahab wa Jinja aliweka kitasa kipya, kazi iliyomalizika kabla chai haijapoa. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2025, kitasa hicho kilikuwa kizima bila mkwaruzo. Docus alikuwa bado anashusha kioo, anatoa mkono nje na kujifungulia.