Rili ya Dhahabu

Mjomba wangu aliniomba msamaha, na hilo ndilo lililonichoma kuliko yote.

Alikuwa mvuvi wa mshipi pale Mbamba Bay, wa kuvuta kwa mikono miwili, mshipi wenyewe kauzungushia kwenye chupa. Kiharusi kilipomlegeza mkono wa kushoto, akawa anashinda barazani akitazama mitumbwi ya wenzake. Mimi ni fundi cherehani mjini Mbinga. Nikasikia kuna rili, kile kidude cha kukunjia mshipi kwa kuzungusha kishikio. Fimbo yake unaifunga kwenye mtumbwi, mkono mmoja unatosha.

Dukani nilikuta aina tatu. Nyekundu, nyepesi, ya bei ya chini. Nyeusi, nzito, ya bei ya kati, imesukumwa rafu ya chini na vumbi lake. Na ya rangi ya dhahabu, mara tatu ya bei ya nyekundu.

"Namnunulia mjomba wangu, mzee mvuvi kule ziwani. Hii nyeusi je?" nikamuuliza mwenye duka.

"Ya kizamani hiyo, dada. Chukua ya dhahabu, ndani chuma kitupu. Mzee wako ataiacha urithi."

Nikachukua ya dhahabu, nikampelekea. Wiki ya pili mjomba akanipigia simu.

"Nisamehe, mwanangu. Samaki mkubwa, mbasa, alinasa, nikazungusha, nikasikia ndani kah! Nimeharibu zawadi yako. Mgonjwa kama mimi hafai kupewa kitu cha thamani."

Kesho yake nikateremka ziwani na bisibisi yangu ya cherehani. Nikaifungua. Meno ya ndani yalikuwa plastiki nyeupe, yamekatika kama ya kitana cha zamani. Jirani wa mjomba alikuwa na rili kama ile nyekundu ya dukani. Nikamwomba niifungue pia. Meno yaleyale, gurudumu lilelile. Nilikuwa nimelipia rangi!

Jirani akaniazima yake, nikarudi Mbinga na zote mbili, nikazitandaza kwenye kaunta zikiwa wazi. Mwenye duka hata hakuzitazama.

"Wazee wa ziwani hawajui vitu vya kisasa," akasema.

Damu ikanichemka. "Mzee huyo ameanza kuvua kabla hujazaliwa. Fungua hiyo nyeusi tuone."

"Sifungui mali ya duka."

"Basi nakaa."

Nikakaa juu ya mfuko wa saruji, hapo hapo mlangoni. Kila aliyeingia nilimwonyesha meno ya plastiki. Baba mmoja aliyetoka Mpepai kununua jembe akaamua kusubiri aone mwisho wake. Kabla ya adhuhuri mwenye duka akaifungua nyeusi. Ndani meno ya shaba, yamepakwa grisi. Hakushtuka. Alikuwa anajua tangu mwanzo! Akanipa hiyo, na tofauti ya bei akaitupa kwenye kaunta kama anamwagia kuku mtama.

Nilipompelekea, mjomba aliizungusha mara kadhaa. Kisha akauliza, "Kwa hiyo si mkono wangu ulioharibu?"

"Si mkono wako, mjomba. Ni ulimi wa mtu."

Siku hizi anavua tena, na jirani ndiye anayepiga kasia. Lakini rili za dhahabu bado zimepangwa mbele dukani kwa yule bwana. Nikimwona mtu kaishika, naacha cherehani, navuka barabara, naingia kumwambia kilichomo ndani. Mwenye duka ananiita mchawi wa biashara yake. Na aniite.